Usimlaze Mama Kwenye Trela

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu Bishar, kila ninapoona gari limebeba kuliko uwezo wake. Leo asubuhi imenijia kwa nguvu zaidi, na wewe ndiye uliyeniletea. Uliingiza uani pikapu yako, nyuma yake ile trela yenye vitanda unayotaka kuwakodishia wachimba visima na wapimaji ardhi wanaolala porini. Ukanishika mkono, ukaniambia, "Hooyo, kwenda harusi Wajir utalala humu ndani njia nzima. Magoti hayatakusumbua." Mama yeyote angefurahi kusikia maneno hayo. Nami nilinyamaza, ukadhani ni furaha. Kumbe nilikuwa naangalia tairi.

Kaa hapa mkekani. Chai ipo, na hiyo simu igeuze uso chini. Nitakusimulia jambo ambalo baba yako, Allah amrehemu, hakupenda lisimuliwe akiwa hai, na mimi nilimheshimu. Sasa nadhani hata yeye angetaka ulijue.

Nilikuwa bibi harusi wa juzi tu, nikiishi na watu wa baba yako upande wa Balambala. Kwetu, kama unavyojua, nyumba ni ya mke. Mama yangu na mama zangu wadogo walikuwa wamesuka mikeka ya aqal yangu, ile nyumba yetu ya kuhama, tangu nilipokuwa bado nachunga mbuzi. Kila mkeka ulikuwa na mkono wa mtu ninayempenda. Na kuipakia nyumba juu ya ngamia ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume akigusa zile kamba, anachekwa hadi na watoto. Mama alinifundisha nigawe uzito pande mbili, nifunge, kisha nimwinue ngamia nimwangalie anavyotembea hatua za mwanzo. Akilalamika kupita kawaida yake, nimlaze chini nianze upya. Wakati mwingine tulianza upya mpaka jua likatuchoma, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu ngamia akichubuka mgongo njiani mtabeba nyumba wenyewe.

Baba yako aliponunua pikapu, mambo yakageuka. Gari lilikuwa kitu cha wanaume, kwa hiyo kila kilichopanda juu ya gari nacho kikawa cha wanaume. Sisi tukaambiwa tukae kando tusichafue nguo. Nakwambia ukweli, niliona uchungu, lakini bibi harusi ana mdomo kiasi gani mbele ya shemeji zake?

Mwaka ule malisho ya Balambala yaliisha, mvua ikanyesha upande wa Habaswein. Vijana walitangulia na mifugo. Tukabaki sisi wenye nyumba, na nyanya yako Dahabo, yule aliyekuja kukupakata ulipozaliwa. Alikuwa ameanguka akaumia nyonga, kumpanda ngamia hawezi, na kukaa wima kwenye gari kulimtoa machozi. Baba yako alikuwa akimpenda mama yake kupita kiasi. Akasema atanunua trela, atapakia nyumba yangu humo, na kati ya mikeka atamtandikia mama yake mahali pa kulala. Hebu sikia wazo hilo. Lilikuwa wazo zuri la mtoto mzuri, na ndiyo maana hakuna aliyelikataa.

Trela ilipatikana Garissa. Tulikwenda na baba yako, mimi nikiwa na shughuli zangu za sokoni, nikamkuta kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Ukambani anayeitwa Mutua. Walikuwa wanabishana kuhusu chuma cha kuvutia trela. Baba yako alitaka kichomelewe kwenye bampa siku ile ile.

"Mzee, bampa ni ya kugongwa, si ya kuvuta," Mutua alimwambia. "Niachie gari mpaka kesho nitoboe kwa chesisi, nifunge na bolti. Hii ukivuta kuni sawa. Ukivuta mzigo, sijui."

"Choma tu, fundi. Hii ni nyumba ya bibi, si mawe. Mikeka ni nyebesi," baba yako akamjibu. Nyepesi, alitaka kusema. Ulimi wetu wa Kisomali na ile p hawajapatana hata leo, na Mutua alikuwa ameshatuzoea.

Mikeka kweli ni myepesi, hakudanganya. Lakini tuliporudi Balambala, nyumba haikupanda peke yake. Shemeji mmoja akaleta gunia la sukari kwa ajili ya wenyeji wa kule. Mwingine akaleta la mchele. Kisha mtu akakumbuka maji, yakaletwa mapipa, yakajazwa. Mapipa yakawekwa nyuma kabisa ya trela, kwa sababu mbele ndiko kulikotandikwa kitanda cha nyanya yako, ili akigonga ubao mwanawe amsikie. Nayo miti ya nyumba ilikuwa mirefu, ikachomoza huko huko nyuma. Kila aliyeweka kitu alisema ni kidogo. Hakuna hata mmoja aliyesimama akajumlisha.

Pikapu nayo ilikuwa na siri yake. Tairi ilizokuja nazo zilikuwa zimechakaa, baba yako akafunga tairi za teksi, zile za gari dogo la kubeba abiria mjini. Ziliingia vizuri kwenye rimu, basi akaridhika. Na sehemu ya nyuma ilipoanza kuinama kwa mizigo, aliongeza majani ya springi, zile bapa za chuma zinazobeba uzito, kutoka kwenye lori bovu. Gari likasimama wima tena, hata likapendeza. Siku ya kuondoka kila mtu alilisifu, "Angalia, halijainama hata kidogo!" Nyanya yako akalazwa kwenye mikeka yangu, akajinyoosha, akasema hajapata kulala pazuri hivyo tangu aumie. Akamwombea mwanawe dua ndefu. Baba yako aling'aa uso.

Kutoka Balambala kwenda Garissa nilikaa mbele, nikitazama kioo cha pembeni. Kila tulipoongeza mwendo, trela ilianza kucheza mkia, kushoto, kulia, kushoto. Tukipunguza, inatulia. Nikamwambia baba yako kwa upole kwamba kitu kinayumba. Akaniambia ni upepo. Nikatazama nje. Majani ya migunga yalikuwa yametulia tuli.

Sasa bibi harusi hamkosoi mumewe barabarani mbele ya mama yake. Lakini bibi harusi ana haki ya kusalimia jamaa zake, na hiyo hakuna wa kumnyima. Nikasema, "Haiwezekani tupite Garissa bila kumsalimu Abti Farah. Atasema nimeolewa nikasahau kwetu." Abti Farah alikuwa kaka wa mama yangu, mjomba wangu. Alikuwa na malori yaliyokwenda mpaka Mandera, na alikuwa na hasira za karibu na sauti ya kusikika bulla nzima, mtaa wote. Watoto walimkimbia. Mimi nilimpenda kwa sababu hakuwahi kunidanganya, hata pale nilipotaka kudanganywa.

Alitoka nje kutupokea, akaanza salamu, halafu salamu zikamfia mdomoni. Akazunguka gari. Akachuchumaa kwenye tairi ya nyuma, akaigusa, akatoa mkono haraka kwa jinsi ilivyokuwa moto. Akasoma maandishi ya ubavuni. Akaenda kwenye kiungo cha trela, akalala chini akachungulia bampa. Alipoinuka, kanzu yake ilikuwa imejaa vumbi na uso umebadilika. Akamgeukia baba yako.

"Hassan, hii tairi inasema inabeba uzito gani?"

"Tairi ni tairi, abti. Imeingia vizuri."

"Kuingia! Hata kiatu cha mkeo ukisukuma kitakuingia. Hii ni tairi ya teksi, imeandikwa hapa ubavuni, soma. Na hizi springi za lori umeweka za nini?"

"Ili isiiname."

"Ilikuwa inainama ili ikwambie imechoka. Wewe ukaiziba mdomo. Ngamia angekulalamikia tangu Balambala. Tairi hainung'uniki, Hassan. Inanyamaza, inanyamaza, kisha inapasuka. Na nani yuko ndani ya trela?"

"Mama," baba yako akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipopungua.

Abti Farah akamwambia ashushe mapipa na magunia, ayaache pale, lori lake litayapeleka. Akamwambia alale Garissa, apate tairi za kubeba mzigo, na chuma kile kifungwe kwenye chesisi, mifupa ya gari yenyewe. Baba yako akakataa. Alikuwa kijana, amekemewa mbele ya mke mpya na mbele ya majirani waliokwisha kujazana, na jamaa walikuwa wanatungoja Habaswein. Nyanya yako naye akadakia kutoka ndani ya mikeka, "Farah, tuache na safari yetu. Mwanangu ameniwekea kitanda cha raha, wewe unataka kunikalisha mbele na nyonga hii?"

Na sasa ndiyo sehemu ambayo mpaka leo sijui nicheke au nilie. Abti Farah alipandisha kanzu yake, akaingia ndani ya trela, akakaa juu ya mikeka karibu na miguu ya nyanya yako. Akakunja mikono. "Sawa," akasema. "Twendeni. Nami nasafiri hapa hapa."

Unawajua watu wetu. Mwanamke wa heshima, mjane, hawezi kusafiri amelala kitanda kimoja na mwanamume asiye ndugu yake, hata awe mzee kiasi gani. Nyanya yako alipiga kelele zilizoniogopesha. "Astaghfirullah! Farah, huna haya? Shuka!" Farah hakushuka. Majirani waligeuka wakatazama kwingine kwa aibu. Nyanya yako akaita nimshike mkono, na kwa maumivu yote ya nyonga ile akajitoa ndani ya trela akiwa anamlaani mjomba wangu na kizazi chake, nami nimo. Tukamkalisha mbele, dirishani, nikawekwa katikati na mto nimeupakata kumwegemeza.

Mlango ulipofungwa ndipo Abti Farah aliposhuka. Akaja dirishani akiwa ameinamisha kichwa. "Dahabo, nisamehe. Nimekuvunjia heshima, najua. Nimeona afadhali unikasirikie ukiwa hai." Nyanya yako akageuza uso pembeni. Baba yako akawasha gari bila kuaga.

Tulishika barabara ya Modogashe. Siku zile ilikuwa ya vumbi na mashimo, si kama hii mnayoisifu sasa. Jua lilikuwa kali. Nyanya yako alilalamika kila shimo, na kila alipolalamika baba yako aliongeza mwendo, kana kwamba kufika mapema kungefuta fedheha ile. Trela ikaanza kucheza. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kuingia kwenye laga, mto mkavu, na alipoukaribia akakanyaga breki.

Tairi ya nyuma ikapasuka kwa mlio mmoja mkubwa. Gari likavuta upande, na trela, kwa uzito wake wote, ikatusukuma kutoka nyuma. Nikasikia chuma kikikatika. Baba yako alipigana na usukani mpaka tukasimama ukingoni mwa laga, tukiwa tumelala upande kidogo lakini salama. Trela ilitupita kando. Ndiyo, mwanangu, ilitupita, na kipande cha bampa yetu kimening'inia mbele yake. Ikaingia kwenye laga, ikagonga ukingo wa pili, ikasimama wima kwa mdomo, kisha ikaanguka.

Vumbi lilipotulia tulishuka. Miti ya nyumba yangu ilikuwa imevunjika vipande. Sukari ilikuwa imemwagika mchangani. Na mapipa, yale yaliyowekwa nyuma, yote yalikuwa yameruka mbele. Yalikuwa yamekaa pale pale penye kitanda. Moja lilikuwa juu ya mto wa kichwa uliobaki kitandani, limeukandamiza ukawa bapa, na maji yalikuwa bado yanatoka taratibu.

Baba yako alisimama akautazama ule mto wa kichwa. Nyanya yako alikuwa amejiburura mpaka ukingoni akishikilia mlango wa gari na bega langu, naye akautazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena.

"Hassan. Ulinitandikia kaburi, mwanangu. Na mimi nikalisifia."

Baba yako alikaa chini kwenye mchanga akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Nililia pia, mimi nikililia mikeka ya mama yangu, halafu nikaona haya, halafu nikaendelea kulia. Wachungaji waliokuwa karibu walikuja kutusaidia, na wanawake wa boma lao walitupa mikeka ya kuanzia. Nyumba niliyoijenga Habaswein ilikuwa ya viraka vya watu nisiowajua. Niliipenda hivyo hivyo.

Utasikia wakisema kwamba wazee wenye busara hawamkumbushi mtu kosa lake. Abti Farah alimkumbusha baba yako kila Idd. Na kila Idd baba yako alikwenda kumsalimu wa kwanza. Nyanya yako naye hakumsamehe mjomba wangu kwa kukaa kwenye kitanda chake, alimwita mtu asiye na haya mpaka alipofariki, lakini maziwa ya kwanza ya kila ngamia aliyezaa alimpelekea yeye.

Sasa nisikilize, Bishar, maana chai imeisha na wewe unaanza kuangalia lango.

Tairi usiichague kwa kuingia kwenye rimu. Soma ubavuni mwake. Pana namba inayosema inabeba kiasi gani, na dukani watakuonyesha maana yake. Usijumlishe trela tu. Jumlisha na watu walio mbele, na tangi la maji, na majiko, na godoro, na kile kidogo cha mwisho ambacho kila mtu atakuja nacho mkiwa mmeshawasha gari. Ukiona nyuma inainama, punguza mzigo. Usikimbilie springi, kwa sababu springi italinyanyua gari machoni pa watu na tairi itabaki na uzito ule ule. Angalia pia umri wa tairi, maana jua letu linazikausha hata zikiwa na meno mazuri. Upepo upime asubuhi kabla hujatembea, tairi zikiwa baridi, kwa kadiri ya mzigo, pamoja na tairi za trela, ambazo vijana huzisahau kabisa.

Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chesisi kwa bolti. Chuma chenyewe kina uwezo wake, mpira wake wa chuma una wake, kikombe cha trela kinachoushika kina wake, pikapu ina wake, na wewe unafuata kilicho dhaifu kuliko vyote, hata kama vingine vinajigamba. Minyororo ya usalama iwepo miwili, ipishane chini ya kiungo. Na mzigo mzito ukae juu ya magurudumu ya trela, ukiegemea mbele kidogo, ili kiungo kisikie uzito bila kulemewa. Ukiuweka nyuma, trela itacheza mkia kama ile yangu. Ukiusukuma wote mbele, gari litainua pua na usukani utakuwa hauna nguvu. Kisha fanya kile walichonifundisha wanawake wa kwetu. Peleka mzigo mzima kwenye mizani, uupime, halafu tembea kidogo, simama, shuka, gusa tairi, kaza kila kitu. Ikibidi kuanza upya, anza upya, hata kama harusi inangoja na shemeji zako wanacheka.

Na mtu asilale kwenye trela gari likiwa linatembea. Asilale mteja akulipe anavyokulipa, asilale mtoto, asilale mgonjwa. Kitanda kile ni cha mahali mlipofika. Harusi ya Wajir nitakwenda, usiniache. Nitakaa mbele, magoti yaniume yanavyotaka, na kila tukifika penye kivuli utasimamisha gari ninyooshe miguu. Nitalalamika njia nzima, nakuahidi, na wewe hutaongeza mwendo.

Allah akuongoze katika kila barabara utakayoishika, mwanangu. Akupe riziki isiyokufanya uwe na pupa, akujaalie jamaa wa kukukemea usoni, na wewe akupe moyo wa kuwasikiliza. Wote utakaowabeba awafikishe salama kwa mama zao. Amin.

Inuka sasa ukapime upepo. Tairi zimeshapoa.